Vituo 14 kutoka Kariakoo: ruti moja ya dilivari, ilivyoharibika na inavyonyooshwa

Dereva wa bodaboda anakabidhiwa vifurushi 14 kutoka maduka matatu ya Kariakoo, Dar es Salaam. Wateja wameagiza kwa WhatsApp na Instagram, na wametawanyika kuanzia Magomeni hadi Mbezi Beach, kupitia Kinondoni, Masaki na Sinza. Malipo yake ni shilingi 3,000 kwa kila kifurushi kilichofika. Kisichofika hakilipwi. Jioni anarudi Kariakoo na vifurushi viwili kwenye begi, akiwa kazini kwa saa 10 na nusu, na baada ya kutoa gharama zote kilichobaki ni kama shilingi 10,600.

Kisa hiki ni cha mfano. Maeneo na barabara ni za kweli, umbali ni wa kukadiria, na bei na dakika zimewekwa kwa ajili ya hesabu, ili kila dereva atoe hizi aweke za kwake. Tumeamua kukichambua kituo kwa kituo kwa sababu dereva akiulizwa siku imepotelea wapi, jibu la kwanza huwa ni foleni. Foleni ipo, hakuna anayebisha. Lakini kwenye ruti ya vituo vingi, muda mwingi hupotea pikipiki ikiwa imesimama: dukani kabla ya kuondoka, na kwenye mageti ya wateja.

Mzigo na masharti yake

Pikipiki ni Boxer 150 ya mkataba, yaani dereva anampelekea mwenye pikipiki hesabu ya shilingi 10,000 kila siku mpaka mkataba uishe na chombo kiwe chake. Vituo ni hivi: Magomeni Mapipa kimoja, Mkwajuni kimoja, Kinondoni Manyanya kimoja, Mwananyamala kimoja, Masaki kimoja, Mikocheni kimoja, Kijitonyama kimoja, Sinza vitatu (Mori, Kumekucha na Makaburini), Survey kimoja, Mwenge kimoja, na Mbezi Beach viwili, Tangi Bovu na Afrikana.

Vitatu kati yake vina masharti ya muda. Masaki ni ofisi: mapokezi hupokea mizigo mpaka saa 10 jioni, na kati ya saa 7 na saa 8 mchana hakuna mtu mezani. Survey ni mwanafunzi anayetoka darasani saa 6 mchana na kabla ya hapo simu yake imezimwa. Mteja wa Tangi Bovu yupo nyumbani kuanzia saa 7 mchana. Vingine 11 vinaweza kufikiwa muda wowote wa mchana, ilimradi mteja ajue unakuja.

Masharti haya matatu yalikuwa yameandikwa kwenye meseji za wateja tangu jana yake. Hakuna aliyeyatoa humo na kuyaweka mbele ya dereva.

Siku ilivyokwenda

Dereva alifika Kariakoo saa 2:30 asubuhi. Kufikia saa 3:15 vifurushi 11 vilikuwa tayari. Duka la tatu lilikuwa bado halijafungasha vifurushi vyake vitatu, na dereva akasubiri, kwa kuwa kuondoka bila hivyo kulionekana ni kuacha shilingi 9,000. Akaondoka saa 5:15. Mzigo ungefungwa kwa wakati angekuwa barabarani saa 4:00, kwa hiyo zilipotea dakika 75.

Mapipa alishusha cha kwanza. Hapo akapigiwa simu na mteja wa Sinza Mori aliyekuwa na haraka, akanyoosha Barabara ya Morogoro hadi Shekilango na kuingia Sinza. Kutoka Mori akaenda Kijitonyama, kisha akarudi Sinza Kumekucha, kisha Mwenge. Wateja wa Kinondoni wakaanza kulalamika, naye akarudi nyuma kilomita 7 hadi Mkwajuni, halafu Manyanya, Mwananyamala, Mikocheni. Survey simu ikaita bila kupokelewa, kwa kuwa mwanafunzi alishaingia kipindi cha jioni. Sinza Makaburini ikafuata, ikiwa ni mara ya tatu kuingia Sinza siku hiyohiyo. Masaki akafika saa 10:40 jioni, akakuta mapokezi yamefungwa. Akamalizia Tangi Bovu na Afrikana, akashusha cha mwisho saa 12:06 jioni, na kurudi Kariakoo kukabidhi fedha karibu saa 1 usiku.

Ukijumlisha, kutoka Kariakoo hadi Afrikana ametembea kilomita 66. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 22 kwa saa, ambao ni wa kawaida kwa pikipiki inayopenya foleni ya mchana, hizo ni dakika 180 za kuendesha. Vituo 14 vilikula wastani wa dakika 14 kila kimoja, jumla dakika 196. Chakula na mafuta dakika 35.

Dakika 196 zimezidi 180. Huyu dereva alisimama muda mrefu kuliko alivyoendesha, na hapo bado hatujagusa zile 75 za Kariakoo.

Fedha

Waliopokea ni 12, kwa hiyo mapato ni 36,000. Kilomita 66 pamoja na takriban 20 za kurudi kutoka Mbezi Beach ni 86. Tukiweka kilomita 40 kwa lita na petroli shilingi 3,000 (bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hubadilika kila mwezi, weka ya mwezi wako), mafuta ni lita 2.15, sawa na 6,450. Hesabu ya mwenye pikipiki 10,000. Chakula 4,000. Vocha na bando 1,500. Kisha kuna gharama ambayo madereva wengi huikwepa kuihesabu kwa sababu hailipwi siku hiyo: oili, tairi, cheni na sproketi, breki. Tukiiweka shilingi 40 kwa kilomita, ni 3,440.

Zinabaki 10,610. Gawa kwa saa 10 na nusu, ni kama 1,010 kwa saa. Na bado anadaiwa vifurushi viwili, vya kupelekwa kesho kwa mafuta yake mwenyewe.

Nini hasa kiliiua ruti

Ukimuuliza mwenye duka, atasema dereva alichelewa Masaki. Dereva naye atasema alicheleweshwa dukani. Wote wako sahihi, ila hesabu inaonyesha kitu cha ziada.

Tuseme mzigo ungetoka saa 4:00, mengine yote yabaki vilevile mabovu. Masaki angefika saa 9:25 alasiri, mapokezi yakiwa wazi. Sasa tuseme ameondoka saa 5:15 na kila kituo kimekula dakika zilezile 14, ila mfuatano ni ule tutakaouonyesha chini. Masaki angefika saa 6:51 mchana, dakika tisa kabla ya watu kwenda kula. Na tuseme kuchelewa kupo, mfuatano ni uleule mbovu, lakini kila kituo kimechukua dakika 7 badala ya 14. Masaki angefika saa 9:23.

Kwa hiyo kurekebisha jambo moja tu kati ya matatu, lolote lile, kungekiokoa kifurushi cha Masaki. Kilirudi kwa sababu yote matatu yaliachwa siku moja. Hii ni habari njema kwa dereva, maana hahitaji kusubiri duka libadilike ndipo naye aanze. Mfuatano na vituo viko mikononi mwake.

Kuna jambo la nne ambalo hujaribiwa kila siku na ambalo halifai: kufidia kwa mwendo. Ili kilomita 66 zimalizike kwa dakika 117, ambazo ndizo za ruti iliyonyooka, angetakiwa kwenda wastani wa kilomita 34 kwa saa, foleni, taa na matuta vyote vikiwa ndani. Wastani huo Dar es Salaam mchana haupatikani bila kupanda njia ya waenda kwa miguu, kuingia njia ya mabasi ya mwendokasi au kukatisha upande usio wako. Dereva anayejaribu kufidia saa moja iliyopotelea dukani kwa kukimbia barabarani analipa deni la mwingine kwa mguu wake.

Kupakia

Kuingia mitaa ya Congo, Msimbazi na Aggrey na kutoka kwa kila duka peke yake ni kazi ya nusu saa hata kama mizigo iko tayari, kwa sababu pikipiki haipiti katikati ya wafanyabiashara na wanunuzi. Unaiegesha na kubeba kwa mkono. Maduka matatu yakubaliane duka moja la kukusanyia. Orodha ya wateja iende kwa dereva jana yake saa 12 jioni. Saa 3:30 asubuhi ndio mwisho wa kupokea: kisichofika kinasubiri mzunguko wa pili au kesho.

Mwenye duka atasema ni ukali. Mwekee hesabu. Ruti iliyonyooka inalipa 42,000 kwa dakika 250 za barabarani, yaani shilingi 168 kwa dakika. Kusubiri dakika 75 ni shilingi 12,600, kwa ajili ya vifurushi vitatu vinavyolipa 9,000. Anayelipa tofauti ni dereva, pamoja na wale wateja 11 ambao mizigo yao ilikuwa tayari.

Saa moja ya kati ya 3:00 na 4:00 ni ya kazi tatu. Ya kwanza ni meseji kwa kila mteja. Maneno yake yawe mafupi na yaulize kila kitu kwa mara moja:

"Habari za asubuhi. Naleta mzigo wako kutoka Kariakoo, nitafika kati ya saa 5:00 na 5:30. Naomba lokesheni ya mahali utakapopokelea, jina la kituo cha daladala, alama iliyo jirani, rangi ya geti na namba ya pili ya simu. Malipo ni kwa Lipa Namba ya duka."

Sisitiza "mahali utakapopokelea". Mteja akibonyeza kutuma lokesheni akiwa ofisini Posta, unapata ofisi ya Posta, hata kama mzigo ni wa nyumbani Sinza. Lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp nayo hudumu dakika 15, saa 1 au saa 8 kulingana na alivyochagua. Ya dakika 15 iliyotumwa asubuhi haina kazi mchana. Na pini iliyochukuliwa ndani ya nyumba inaweza kukutupa mtaa wa pili, ndiyo maana unahitaji alama inayoonekana kwa macho: duka la dawa, msikiti, kanisa, transfoma. Pale ambapo kibao cha Anwani za Makazi kipo, omba jina la mtaa na namba ya nyumba. Vibao hivyo vilivyowekwa kwenye zoezi la mwaka 2022 vinasaidia sana vichochoroni, na wateja wengi hawajui kwamba namba iliyo ukutani mwao inatosha kumleta mtu mlangoni.

Kazi ya pili ni namba. Kila kifurushi kiandikwe kwa makapeni pande tatu: namba ya kituo kwa tarakimu kubwa, tarakimu tatu za mwisho za simu ya mteja, na fedha anayodaiwa. Jina la mteja halikusaidii kitu ukiwa na akina Neema watatu kwenye begi moja.

Kazi ya tatu ni kupanga begi kinyume. Cha 14 kinaingia kwanza, cha 1 mwisho. Kwa mizigo 14 ni bora kutumia mifuko miwili ndani ya boksi la keria, wa vituo 1 hadi 7 na wa 8 hadi 14. Wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza uishe. Kizito kikae chini na karibu na kiti. Ukikiweka juu na nyuma ya keria, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inayumba ukifunga breki. Pale ambapo kifurushi kizito ni cha kituo cha mwanzo, sheria ya uzito inashinda sheria ya mfuatano: kikae chini, na uweke vyepesi juu yake kwenye mfuko unaonyanyuka kwa mkono mmoja. Funga kwa mpira wa tyubu uliokatwa, mistari miwili inayopishana, kisha sukuma boksi kwa kiganja. Likicheza, kaza tena. Chenye skrini kisiguse ukuta wa boksi. Nailoni ya mvua ikae juu, si chini ya mzigo wote.

Mfuatano

Vituo 14 vinaweza kupangwa kwa namna zaidi ya bilioni 87. Hakuna anayehitaji kuzijaribu. Wanahisabati wamekuwa wakilishughulikia tatizo hili kwa miongo mingi. Mwaka 1959 Dantzig na Ramser waliandika juu ya kupanga malori ya petroli yanayotoka bohari moja kwenda vituo vingi, ambayo ndiyo picha ya dereva wetu wa Kariakoo. Dereva anaweza kupata ruti nzuri kwa karatasi na dakika kumi.

Anza na vituo vyenye masharti. Hivyo ndivyo vigingi: Masaki kabla ya saa 7, Survey baada ya saa 6, Tangi Bovu baada ya saa 7. Kisha kusanya vingine kwa mafungu ya barabara: Barabara za Morogoro na Kawawa (Mapipa, Mkwajuni, Manyanya, kisha Mwananyamala), pwani (Masaki, Mikocheni), katikati (Kijitonyama na Sinza zote), Sam Nujoma (Survey, Mwenge), Bagamoyo (Tangi Bovu, Afrikana). Fungu likifunguliwa linamalizwa. Hapo ndipo ruti ya kwanza ilipovuja zaidi: Sinza iliingiwa mara tatu.

Ukiunganisha mafungu kwa kufuata vigingi unapata: Mapipa, Mkwajuni, Manyanya, Mwananyamala, Masaki, Mikocheni, Kijitonyama, Sinza tatu, Survey, Mwenge, Tangi Bovu, Afrikana. Kilomita 43 badala ya 66. Ukitoka saa 4:00, ukitumia dakika 7 kwa kituo na kula Mwenge, Masaki unafika kama saa 5:08, Survey saa 6:32 mchana, Tangi Bovu saa 7:49, na cha mwisho kinashuka saa 8:10.

Chora mistari yake kwenye karatasi. Mistari ikikatana, kuna sehemu unarudi bure. Geuza mfuatano wa vituo vilivyo kati ya mikatano hiyo na mara nyingi ruti inafupika. Kwenye ramani tupu kanuni hii haikosei. Dar es Salaam inahitaji tahadhari moja, maana bonde la Msimbazi na mifereji mingine huvukwa mahali pachache tu, na vituo viwili vinavyotazamana kwa jicho vinaweza kutengwa na kilomita tatu za barabara. Kwa hiyo ukigeuza, pima tena kwa barabara.

Jaribu pia kuwa na shaka na kanuni ya "karibu kwanza". Kutoka Mwananyamala, kilicho karibu ni Kijitonyama, kilomita 2. Ukikifuata, Sinza inakuvuta, Survey inakuvuta, na Masaki inabaki nyuma yako kwa jioni. Karibu kwanza hukupa nusu ya kwanza nzuri na nusu ya pili ya kuokota vilivyosahaulika.

Upande wa barabara una uzito wake. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo kukata kushoto ni kupinda tu, kukata kulia ni kuvuka magari yanayokuja. Kampuni ya vifurushi ya UPS ya Marekani, ambako magari hupita kulia, imepanga ruti zake kwa miaka mingi ili madereva wakwepe kukata kushoto, kwa sababu hiyohiyo. Kwenye Kawawa na Morogoro jambo hili ni zito zaidi: njia za mwendokasi ziko katikati, na huwezi kugeuza isipokuwa kwenye makutano. Kituo kilicho upande wa kulia kinaweza kukudai kwenda mbele hadi makutano na kurudi. Kwenye orodha, andika K (kulia) au S (kushoto) mbele ya kila kituo kilicho kwenye barabara kuu, na uvipange vya kushoto wakati wa kwenda.

Google Maps hukubali vituo visivyozidi 10 kwa safari moja, na huvifuata kwa mfuatano uliouandika wewe. Haikupangii kipi kitangulie. Gawa ruti mbili za vituo saba saba, uziweke tayari kabla ya kuondoka. Kama kazi inatoka kwenye programu inayokupa mafungu ya oda, angalia vitu viwili kabla ya kukubali: jumla ya kilomita mpaka kituo cha mwisho, na hicho cha mwisho kinakuacha wapi. Malipo makubwa yanayokuacha Bunju saa 2 usiku bila mzigo wa kurudi ni madogo kuliko yanavyoonekana.

Mteja akibadili mahali

Mteja wa Mwenge anaandika: leo nipo Makumbusho. Swali la dereva ni moja: kukiingiza hapa kunaongeza kilomita ngapi? Chukua umbali wa kwenda huko kutoka kituo kilichotangulia, jumlisha wa kutoka huko hadi kinachofuata, toa umbali uliokuwepo kati ya hivyo viwili. Akisema ungali Kijitonyama, Makumbusho ni jirani na inaongeza kama kilomita 1 au 2. Akisema umeshafika Survey, ni kurudi nyuma na kupanda tena, kama kilomita 6 hadi 8. Meseji ya asubuhi huyaibua mabadiliko haya yakiwa bado rahisi.

Dakika 14 za kituo

Zilienda hivi: kutafuta nyumba 5, kumsubiri mteja atoke 4, kutafuta kifurushi kwenye begi 2, malipo na chenji 3. Kwa maandalizi yaliyotajwa zinakuwa 2, 2, nusu, na mbili na nusu. Jumla 7. Kwa vituo 14 ni dakika 98 zilizookolewa, nyingi kuliko 63 za kunyoosha mfuatano na kuliko 75 za kuondoka mapema.

Piga simu ya pili ukiwa kituo kilichotangulia, kabla ya kuwasha pikipiki: "Nakuja, dakika 15, naomba uwe getini na malipo tayari." Ukipiga ukiwa umeshafika, mteja ndiyo kwanza anaanza kutafuta kandambili.

Asipopokea, weka kikomo. Simu mbili zenye dakika 3 kati yake, simu moja kwa namba ya pili, meseji, picha ya geti, na dakika 7 zikiisha unampigia mwenye duka. Yeye ndiye anayeamua kama mzigo uachwe kwa mlinzi au jirani. Dereva asiamue peke yake, maana kifurushi kikipotea ataulizwa yeye. Ukiondoka, usiahidi kurudi isipokuwa ruti iliyobaki inapita hapo. Huruma ya dakika 20 kwa mmoja huwafikia wote waliobaki.

Malipo yaende kwenye Lipa Namba ya duka. Dereva anayepokea kwenye laini yake binafsi anabeba hatari mbili: meseji ya muamala ya kughushi inayoonyeshwa kwenye simu ya mteja, na mteja anayelipa kisha kuomba muamala urudishwe kwa madai kwamba alikosea namba. Kuona meseji kwenye simu ya mteja hakutoshi. Duka lithibitishe kuwa fedha imeingia, kwa neno moja kwenye WhatsApp, ndipo kifurushi kitoke mkononi. Mtandao ukisumbua, kifurushi kinasubiri na dereva. Anayelipa taslimu apewe tahadhari asubuhi kuhusu chenji. Beba noti za 1,000 na 2,000 za kutosha.

Faida nyingine ya Lipa Namba ni kwamba fedha zimeshafika dukani. Hakuna kilomita 20 za kurudi Kariakoo kukabidhi, na dereva aliyemaliza Afrikana saa 8:10 anaweza kupakia abiria hapohapo.

Bei moja kwa wote

Hata akirudi Kariakoo mtupu, hesabu inageuka. Vyote 14 vimefika, mapato 42,000. Kilomita 63, mafuta 4,725, uchakavu 2,520, na zile 15,500 za hesabu, chakula na vocha. Zinabaki 19,255, kwa saa 6 na nusu. Karibu 2,960 kwa saa, mara tatu ya kwanza.

Bado 3,000 kwa kila kituo si sawa. Masaki pekee inaongeza kilomita 8, kwa sababu bila hiyo ungetoka Mwananyamala moja kwa moja kwenda Mikocheni. Ni dakika 22 za kuendesha na 7 za kituo. Kwa shilingi 168 kwa dakika na mafuta ya 600, inagharimu karibu 5,500. Mapipa iko njiani na inagharimu dakika 7 tu, chini ya 1,200. Bei moja inamfanya mteja wa Mapipa amlipie wa Masaki, na inamfanya dereva aichukie Masaki na kuisogeza mwisho, ambako ndiko inakofia.

Pendekezo la kupeleka kwa maduka: 2,500 kwa vituo 11 vya kawaida, 6,000 Masaki, 5,500 kwa cha kwanza cha Mbezi Beach na 3,000 kwa cha pili. Jumla ni 42,000 ileile. Ongeza sharti moja la maandishi: kituo ambacho dereva alifika ndani ya muda alioahidi na mteja hakupatikana kinalipwa nusu, picha ya geti na orodha ya simu vikiwa ushahidi. Bila sharti hilo, duka halina sababu ya kuhakikisha namba ya mteja inapatikana.

Mvua kubwa ikinyesha

Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mfuatano wote wa juu unakufa kwenye hatua ya kwanza. Usisubiri maji yapungue. Toka Kariakoo kupitia Upanga na Daraja la Salender, anza na Masaki, kisha rudi Mwananyamala, Manyanya, Mkwajuni na Mapipa, ambayo iko ng'ambo ya bonde na inafikika kutokea Kinondoni. Kutoka Mapipa panda Morogoro hadi Shekilango, maliza Sinza, kisha Kijitonyama, Mikocheni, Mwenge, Survey, na urudi Mwenge kushika Barabara ya Bagamoyo. Ni ndefu zaidi, na vigingi vyote vitatu vinasimama. Namba za makapeni zitakuwa zimebadilika, kwa hiyo siku za masika amua njia kabla ya kuandika, na meseji ya asubuhi iwape wateja dirisha la saa nzima badala ya nusu saa.